Kilomita Hazikwambii Utafika Saa Ngapi

Kila anayejiandaa kwa safari ndefu ya ndege huanza na swali lile lile: kutoka huku hadi kule ni kilomita ngapi, na ni saa ngapi angani? Anaandika majina ya viwanja viwili kwenye simu, na jibu linakuja papo hapo. Kisha anapanga mambo yake yote juu ya hizo namba mbili: nani aje kumpokea, mkutano uwe saa ngapi, dawa ameze lini, mtoto abadilishwe nguo wapi. Nimekuwa nikiwapangia watu safari za mbali kwa miaka mingi, wengine wazee, wengine wakiwa na watoto wachanga mgongoni, na nimeona jinsi namba hizo zinavyoweza kumwacha mtu pabaya. Namba ni sahihi, tatizo ni kwamba zinajibu swali dogo kuliko lile alilo nalo msafiri.

Msafiri anataka kujua atafika lini, atafika akiwa na hali gani, na kama ataiwahi ndege ya pili. Hayo yanahitaji hesabu nyingine kidogo, na kila mtu anaweza kuzifanya kwa kalamu na karatasi kabla hajalipia tiketi.

Umbali unaopewa unatoka wapi

Kompyuta inachukua latitudo na longitudo za viwanja viwili, inaihesabu dunia kuwa tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371, halafu inatafuta mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa tufe hilo. Basi, kazi imeisha. Haijui kama kuna ndege yoyote inayopita njia hiyo. Haijui habari za upepo, za vita, wala za nchi iliyofunga anga lake.

Hata mstari wenyewe huwachanganya wengi, maana macho yetu yamezoea ramani ya ukutani. Ramani nyingi tulizokua nazo zinafuata mtindo wa Gerardus Mercator wa mwaka 1569, uliochorwa kwa ajili ya mabaharia wanaofuata dira. Mtindo huo unatanua nchi zilizo karibu na ncha za dunia hadi Greenland inaonekana kulingana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland karibu mara 14. Ukiweka rula juu ya ramani hiyo kuunganisha miji miwili iliyo mbalimbali, umechora njia ndefu. Kwenye ikweta nyuzi moja ya longitudo ni kama kilomita 111. Ukipanda hadi latitudo ya nyuzi 60, nyuzi hiyo hiyo moja imebaki kama kilomita 56. Ndiyo maana ndege inayotoka mashariki kwenda magharibi katika nusu ya kaskazini ya dunia huelekea kaskazini kwanza, kwenye sehemu ambako dunia imebana, ikavuka longitudo nyingi kwa kilomita chache.

Niliwahi kukaa dirishani katika safari ya mchana kutoka London kwenda Los Angeles. Saa kadhaa baada ya kupaa, chini kulikuwa na milima myeusi iliyochomoza kwenye barafu, mito ya barafu imeshuka mabondeni hadi baharini, na mwishoni mwa kila mto vipande vyeupe vimetapakaa majini. Ilikuwa Greenland. Mama mmoja aliyekuwa safu ya mbele alimwuliza mhudumu, kwa wasiwasi wa kweli, kama rubani ameamua kugeuza safari, kwa sababu alijua Los Angeles iko kusini sana kuliko London. Mhudumu akainama, akamfungulia ramani kwenye skrini ya kiti, akamfuatishia njia kwa kidole hadi mama akatulia. Ile ndiyo njia fupi, karibu kilomita 8,800.

Kama una tufe la dunia nyumbani au shuleni kwa watoto, chukua uzi. Bana ncha moja Dubai, nyingine Los Angeles, uvute uzi hadi ukaze. Utapita karibu na Ncha ya Kaskazini. Fanya hivyo kwa Johannesburg na Sydney, utaona uzi unavyoshuka kuelekea Antaktika badala ya kukata Bahari ya Hindi moja kwa moja. Ni zoezi la dakika mbili na ninalipenda kuliko maelezo yoyote, kwa kuwa mtu akishaliona kwa macho yake hasahau tena.

Kuna jambo jingine umbali unaweza kukuambia mapema. Mzunguko wa dunia ni kama kilomita 40,000, kwa hiyo hakuna viwanja viwili vinavyoachana zaidi ya kilomita 20,000 au kidogo zaidi ya hapo. Safari ya kawaida ya kibiashara isiyotua popote iliyo ndefu kuliko zote imekuwa ile ya Singapore hadi New York, karibu kilomita 15,300, zaidi ya saa 18 angani. Singapore Airlines huifanya kwa Airbus A350-900ULR yenye viti 161 tu, na ndani yake hakuna daraja la kawaida kabisa. Perth hadi London, kilomita 14,500 hivi, ilianza Machi 2018 na huchukua karibu saa 17. Qantas imejipanga kurusha ndege kutoka Sydney hadi London, kilomita 17,000, bila kutua, kwa A350-1000. Kwa hiyo ukiona umbali wako umevuka kilomita 15,500, usihangaike kutafuta ndege isiyotua njiani. Anza moja kwa moja kufikiria utatua wapi.

Kutoka kilomita kwenda saa

Kanuni yangu ni hii: gawanya kilomita kwa 850, kisha ongeza nusu saa. Ndege kubwa ikishatulia juu huenda karibu kilomita 900 kwa saa, lakini wakati wa kupaa na kushuka huenda polepole, na njia yenyewe hailingani kabisa na uzi wako kwenye tufe. London hadi New York ni kama kilomita 5,550. Gawanya kwa 850, unapata saa sita na nusu. Ongeza nusu saa, ni saba.

Sasa fungua ratiba uone. Kwenda New York wameandika karibu saa nane. Kurudi London wameandika karibu saba, na mara nyingi ndege hutumia angani pungufu ya hapo. Viwanja ni vile vile, ndege ni ile ile. Kilichobadilika ni upande upepo unakotokea.

Huko juu, kilomita 9 hadi 12 kutoka ardhini, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kaskazini mwa dunia na kusini pia. Kasi yake inaweza kupita kilomita 200 kwa saa, na wakati wa baridi huwa na nguvu zaidi. Ndege ina kasi yake ndani ya hewa, lakini hewa nayo inatembea, kama mtumbwi mtoni: ukishuka na maji unafika upesi, ukipanda dhidi yake unapiga kasia weee. Kwenye skrini ya kiti tazama mahali palipoandikwa kasi ya ardhini. Nimewahi kuona namba hiyo ikipita 1,100 tukielekea mashariki, na kwenye safari nyingine ikishuka chini ya 800 tukielekea magharibi, ilhali injini zinanguruma vile vile na chai haitikisiki kikombeni. Usiku wa Februari 2020, wakati dhoruba iliyopewa jina la Ciara ikiisukuma hewa ya Atlantiki, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikatua London kwa saa 4 na dakika 56.

Mfano ulio wazi zaidi uko kusini. Johannesburg na Sydney zimeachana kama kilomita 11,000. Kwenda Sydney, upepo ukiwa mgongoni, ni karibu saa 12. Kurudi ni karibu 14. Saa mbili ni nyingi mno kwa mtu mwenye miguu inayovimba, kwa mama anayembembeleza mtoto, kwa mwenye dawa ya saa maalumu. Kwa hiyo usiamini kwamba safari ya kwenda imekueleza habari za kurudi. Angalia zote mbili, kila moja kivyake. Kwa safari zinazokwenda kaskazini na kusini, mfano Johannesburg hadi Frankfurt, tofauti ni ndogo na kanuni ya 850 inakaa vizuri.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi si muda wa kuruka peke yake. Unaanza ndege inapoachana na geti na unaisha inaposimama kwenye geti la pili, kwa hiyo ndani yake kuna foleni ya kusubiri kuruka na mwendo wa ardhini. Pale Schiphol, Amsterdam, kuna njia ya kurukia iitwayo Polderbaan iliyo mbali sana na jengo la abiria. Ukitua huko, ndege inatambaa robo saa na zaidi, inavuka daraja juu ya barabara ya magari, na abiria wasioijua wanaanza kuulizana kama wamefika kweli. Mashirika yanalijua hilo, nayo huongeza dakika za akiba kwenye ratiba. Ndiyo sababu mara nyingine unasikia tangazo la furaha kwamba mmefika mapema dakika 25. Akiba hiyo imewekwa kwa faida ya ratiba yao. Usiihesabu kama yako ukipanga kuunganisha ndege nyingine.

Halafu kuna mambo ambayo tufe na uzi haviwezi kuyajua. Kabla ya mwaka 2022, ndege ya Helsinki hadi Tokyo ilikatiza juu ya Urusi na kufika kwa saa tisa na ushee. Anga la Urusi lilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya, safari ile ile ikawa karibu saa 13, ndege ikizunguka kusini au kupitia juu kabisa, karibu na ncha. Kilomita zinazoonyeshwa na kompyuta hazikubadilika hata moja. Viwanja vilivyo juu ya milima navyo vina mambo yake. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo ndege iliyojaa watu na mizigo haiwezi kuruka ikiwa imebeba mafuta yote ya kuvuka bahari. Kwa miaka mingi ndege ya kwenda Washington imekuwa ikitua njiani kujaza mafuta, ilhali ile ya kurudi, ikitokea mahali pa chini na ikisukumwa na upepo, inakuja bila kutua. Ukiona safari moja ina kituo na ya kurudi haina, jua kuna sababu kama hizo.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, achana na vikokotoo vya umbali. Tafuta namba ya ndege unayotaka kuipanda, uone wiki mbili tatu zilizopita imetumia muda gani kweli, siku kwa siku. Tovuti na programu za kufuatilia ndege zinaonyesha hayo bure. Hapo utajua pia kama ndege hiyo ina tabia ya kuchelewa.

Saa zilizoandikwa kwenye tiketi

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko pote ninapokaa na mtu, kwa sababu hapa ndipo watu huachwa na ndege.

Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mahali pale pale. Saa ya kuondoka ni ya mji unaotoka, saa ya kufika ni ya mji unaokwenda. Ukitoa moja kwa nyingine hupati muda wa safari. Njia salama ni kuzigeuza zote mbili ziwe UTC, yaani saa ya kimataifa, kisha ndipo utoe.

Tuseme tiketi ya wakati wa kiangazi inasema: kuondoka Tokyo 17:00, kufika San Francisco 10:30, tarehe ile ile. Mtu anatazama, anaona amefika kabla hajaondoka. Tokyo iko mbele ya UTC kwa saa 9, kwa hiyo 17:00 ni 08:00 UTC. San Francisco wakati huo iko nyuma kwa saa 7, kwa hiyo 10:30 ni 17:30 UTC. Kutoka 08:00 hadi 17:30 ni saa tisa na nusu. Kurudi: kuondoka San Francisco 13:00, ambayo ni 20:00 UTC, kufika Tokyo 16:00 kesho yake, ambayo ni 07:00 UTC. Ni saa 11. Umeona na upepo umejionyesha humo humo.

Tazama sana alama ndogo ya +1 au +2 pembeni ya saa ya kufika. Inamaanisha siku moja au mbili mbele. Ukiondoka Los Angeles Jumatatu usiku kwenda Auckland, kilomita 10,500 hivi na karibu saa 13, unatua Jumatano asubuhi. Jumanne umeivuka pamoja na mstari wa tarehe katikati ya Pasifiki. Mwenye kuweka hoteli aiweke kuanzia Jumatano, na mwenye miadi Jumanne aiahirishe mapema. Ukirudi, mambo yanageuka: unaondoka Auckland jioni na kutua Los Angeles mchana wa tarehe ile ile.

Saa za baada ya usiku wa manane ndizo ninazoziogopa zaidi. Tiketi inasema tarehe 15, saa 00:30. Hiyo ni saa sita na nusu usiku, usiku ule ambao wewe na mimi bado tunauita usiku wa tarehe 14. Unatakiwa kuwa kiwanjani jioni ya tarehe 14. Mtu akilala vizuri, akaamka tarehe 15 kupanga begi lake kwa ajili ya usiku, ndege yake ilishaondoka zamani. Nikimpangia mtu safari ya namna hiyo, simwambii saa ya ndege kwanza. Ninamwambia: tarehe 14, saa tatu usiku, uwe umeshafika kwenye kaunta ya mizigo. Saa ya ndege inafuata baadaye.

Na tofauti ya saa kati ya miji miwili haikai vile vile mwaka mzima. London na New York zimeachana saa tano, lakini Marekani husogeza saa zake Jumapili ya pili ya Machi na Uingereza husubiri hadi Jumapili ya mwisho ya mwezi huo. Katikati hapo tofauti ni saa nne. Jambo kama hilo hutokea tena kwa wiki moja kati ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba. Kama una simu ya video na familia au mkutano wa kazi siku ya kufika, hakikisha upya.

Kutua njiani

Watu wengi huona kituo cha njiani kama adhabu. Mimi huuliza kwanza: kituo hicho kimenitoa njiani kwa kiasi gani? Jumlisha umbali wa vipande viwili, ulinganishe na umbali wa moja kwa moja.

London hadi Sydney ni kama kilomita 17,000. Ukipitia Singapore, kipande cha kwanza ni karibu 10,900 na cha pili 6,300, jumla 17,200. Umeongeza kilomita 200 tu katika safari ya nusu dunia, maana Singapore imekaa karibu kabisa na ule uzi wa kwenye tufe. Kupitia Dubai ni kama 17,500, bado si mbaya. Sasa linganisha na anayetoka Johannesburg kwenda São Paulo, kama kilomita 7,400, akavutwa na tiketi ya bei nafuu inayopitia Dubai. Johannesburg hadi Dubai ni kama 6,400, Dubai hadi São Paulo ni kama 12,200. Jumla 18,600, zaidi ya mara mbili na nusu. Anakwenda kaskazini mashariki usiku mzima ili aje kurudi kusini magharibi mchana kutwa. Kama nafuu ya bei ni kubwa sana na mwili wake ni wa chuma, sawa, aende akijua. Mzee simpandishi ndege hiyo.

Baada ya kilomita, angalia muda wa kuunganisha. Kila kiwanja kina muda mdogo unaoruhusiwa kati ya ndege mbili, na mfumo wa tiketi utakuuzia hata dakika 55 kama kiwanja kinaruhusu. Kuruhusiwa si kutosha. Kwa safari za kuvuka mabara sikubali chini ya saa mbili, na mahali ambapo kuna ukaguzi mwingine wa usalama au wa pasipoti nataka tatu. Kumbuka milango ya ndege hufungwa kabla ya saa ya kuondoka, mara nyingi dakika 15 au 20 kabla, na jengo moja hadi jingine kwenye viwanja vikubwa ni mwendo wa basi au treni.

Marekani ina utaratibu wake: hata kama unapita tu kwenda nchi nyingine, unaingia uhamiaji kwenye kiwanja cha kwanza, na unahitaji ruhusa au viza ya kupita. Hilo liulizwe kabla ya kununua tiketi, maana kaunta ya mizigo ndipo utakapozuiwa, na hapo hakuna wa kukusaidia.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote katika sehemu hii: tiketi iwe moja. Ndege mbili zikiwa kwenye tiketi moja, ya kwanza ikichelewa, ni kazi ya shirika kukutafutia nyingine, na mzigo kwa kawaida unaandikishwa hadi mwisho wa safari. Ukinunua tiketi mbili tofauti ili kuokoa fedha, shirika la pili halijui wala halitaki kujua kwamba la kwanza limekuchelewesha. Unatoka nje, unachukua begi, unapanga foleni upya, na kama umechelewa unanunua tiketi nyingine kwa bei ya siku hiyo. Nimekaa kwenye simu usiku na mtu aliyekwama hivyo, ana watoto wawili wamelala juu ya mabegi, na fedha aliyookoa ilikuwa imeshapotea mara tatu. Anayetaka kufanya hivyo aweke usiku mzima katikati, alale hoteli, aendelee kesho yake.

Hakikisha pia herufi tatu za kiwanja, si jina la mji. London peke yake ina LHR, LGW, STN na vingine, na kutoka Heathrow hadi Gatwick kwa barabara ni saa moja kama njia iko wazi. Tokyo ina HND na NRT, na Narita iko kama kilomita 60 nje ya jiji. SYD ni Sydney ya Australia. YQY ni Sydney ya Kanada, na imeshatokea zaidi ya mara moja abiria akashuka Kanada akitafuta Australia.

Mwili unahesabu kivyake

Johannesburg hadi Frankfurt ni kama kilomita 8,700, zaidi ya saa kumi angani. Lakini tofauti ya saa ni moja tu wakati wa baridi ya Ulaya, na wakati wa kiangazi chao hakuna kabisa. Unashuka umechoka, unalala usiku mmoja, umekwisha. London hadi New York ni fupi zaidi kwa kilomita 3,000, lakini tofauti ni saa tano, na kwa siku kadhaa unaamka usiku wa manane macho makavu. Kinachovuruga usingizi ni longitudo ulizovuka. Kwa makadirio mwili hujirekebisha kama saa moja kwa siku, na kuelekea mashariki ni vigumu zaidi, kwa kuwa saa ya ndani ya mwili hupenda kurefusha siku kuliko kuifupisha. Kwa hiyo mkutano muhimu, mtihani au miadi ya hospitali usiiweke siku ya kufika ukitokea magharibi. Jipe siku mbili kama unaweza. Ukifika, toka nje kwenye mwanga wa mchana.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba kukaa kitini saa nne au zaidi huongeza karibu mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, ingawa uwezekano wenyewe unabaki mdogo, karibu mtu mmoja kati ya 6,000. Omba kiti cha kwenye ujia, simama, tembea hadi nyuma ya ndege na kurudi, kunja na kunjua vifundo vya miguu ukiwa umekaa. Mwenye historia ya tatizo hilo, mjamzito, au aliyetoka kufanyiwa upasuaji, amwone daktari kabla ya kukata tiketi. Mwenye dawa za saa maalumu, kama za kisukari au kifafa, aende kwa daktari na ratiba aliyoigeuza kuwa UTC, waandike pamoja ni baada ya saa ngapi ameze au achome, maana saa ya ukutani itabadilika njiani na mwili hautabadilika nayo. Dawa zikae kwenye mzigo wa mkononi.

Hesabu ya mwisho ni ya mlango hadi mlango. Chukua muda wa kwenye tiketi, ongeza muda wa kutoka nyumbani hadi kiwanjani, ongeza saa tatu za kufika mapema, kisha ongeza saa moja na nusu au mbili za uhamiaji na kusubiri begi, na muda wa kufika unapolala. Ile London hadi New York ya saa nane inakuwa saa 14 kirahisi. Hiyo ndiyo namba ya kumwambia mama yako anapouliza ni safari ya muda gani.

Na yule atakayekupokea mtumie ujumbe mmoja tu, kabla hujazima simu: namba ya ndege, herufi tatu za kiwanja, namba ya jengo la abiria, tarehe na saa ya kufika kwa saa za kwake yeye. Mwambie afuatilie namba ya ndege badala ya saa uliyomwandikia, na atoke nyumbani ndege ikishatua kama anaishi karibu. Kama una mzigo mkubwa au unafika na mtoto, mwongezee saa moja juu ya ile aliyoiona.